Hatua Ishirini kwa Ishirini

Utotoni mwangu Sakina ilikuwa shamba: migomba, kahawa kivulini mwake, masale mpakani, na mfereji ulioleta maji ya Meru hadi nyuma ya zizi. Mji wa Arusha ulikuwa kule chini, kati ya Naura na Themi, ulikoota kuzunguka boma la Wajerumani la mwaka 1900. Yeyoo, mama yangu, akienda sokoni alishika viatu mkononi, akavivaa alipokanyaga lami.

Kidato cha tano tulifundishwa miduara ya mji ya Burgess: katikati biashara, kisha viwanda na vyumba vya kupanga, wenye uwezo nje kabisa. Ilikuwa Chicago ya mwaka 1925. Kwetu haikukaa. Wazungu walijenga ng'ambo ya Themi, hatua chache tu kutoka bomani. Unga Limited, mtaa uliochukua jina la kiwanda cha unga, ukabaki wa wachovu. Kaskazini kuna mlima, magharibi kahawa ya Burka, na mwenye shamba kubwa hauzi kipande kimoja kimoja. Mji ukaruka mashamba hayo ukafuata barabara: ya Moshi hadi Tengeru na Usa River, ya Nairobi hadi Ngaramtoni, ya Dodoma hadi Kisongo. Hoyt, aliyeandika mwaka 1939 kwamba miji hunyooka kufuata njia zake kuu, angeielewa Arusha upesi zaidi.

Lakini hata Hoyt hakumjua babu yangu. Aligawa shamba kwa wanawe (mabinti hawakuhesabiwa, ndivyo ilivyokuwa), baba naye akatugawia, na kilichonifikia kilitosha nyumba na banda la ng'ombe mmoja. Kahawa ilikuwa imeshuka bei, ada za shule zimepanda. Tukaanza kuuza. Kiwanja kilipimwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na hatua zilikuwa za muuzaji. Mnunuzi mjanja alikuja na rafiki mrefu. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa mtaa, soda zikanywewa, yakaisha. Mpima ardhi hakuonekana.

Tangu mwaka 1995 mahakama ya mauaji ya Rwanda ilileta wageni, wenye nyumba Njiro wakataka kodi kwa dola, na waliosukumwa nje wakaja kwetu, au Muriet, au Olasiti. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 jijini. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Wengi wao wanaishi juu ya vihamba vya watu kama sisi, na ndiyo maana huwa sikubali mji huu ukiitwa holela. Kila kiwanja kilikuwa na mpango wake, wa baba fulani na mwanawe. Kilichokosekana ni kitu kimoja: hakuna aliyeuza barabara. Njia ya ng'ombe ikawa chocho, chocho likawa mtaa wa toyo, na gari la zimamoto likifika huishia lami.

Sasa ukoo unakaa vikao. Kila mmoja atoe hatua mbili, gari la kunyonya choo lifike nyuma. Kaka mkubwa amekubali. Aliyenunua kwake amekataa, na mkataba wake, ambao mimi mwenyewe niliushuhudia, hautaji njia popote.