Asiyekubali Kushindwa

Kushinda hakuhitaji mwalimu, maana furaha yake hujifundisha yenyewe. Kushindwa ndiko kunakotaka mafunzo. Katika kazi yangu ya ualimu nimeona vijana hodari wakiacha uwanja, na hata masomo, kwa aibu ya kushindwa mara mbili tatu. Kwa ajili yao nimehifadhi habari ya timu moja ya Marekani.

Katika mji wa Pasadena, jimbo la California, kiko chuo kiitwacho Caltech, chenye sifa kubwa duniani kwa elimu ya sayansi. Mwanafunzi huingia humo kwa akili yake, wala si kwa wepesi wa miguu. Hakuna alipiwaye karo kwa sababu ya mchezo. Basi timu yake ya mpira wa kikapu ilipambana na watu walioizidi kwa uzoefu. Tangu mwaka 1985 ilishindwa katika kila mchezo wa ligi yake, msimu baada ya msimu, hata hesabu ikafika michezo 310.

Fikiri, ewe msomaji. Masomo ya chuo hicho ni ya miaka minne. Wako waliocheza miaka yote minne, wakahitimu, wakaenda zao bila ya kuonja ushindi mmoja wa ligi. Je, walicheza bure? Nasema sivyo. Kila kundi liliupokea mpira kwa waliotangulia, likawakabidhi waliofuata. Kama kundi moja lingalisema, "Yatosha," huenda timu ingalikufa.

Tarehe 22 Februari 2011 Caltech ilicheza na chuo cha Occidental. Zilipobaki sekunde chache, timu zilikuwa sawa, pointi 45 kwa 45. Ryan Elmquist wa Caltech alichezewa vibaya, akapewa mtupo wa adhabu, akautia mpira kikapuni. Mchezo ukaisha 46 kwa 45. Msiba wa miaka 26 ulikomeshwa na pointi moja.

Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Lakini kukubali si kuridhika. Kukubali ni kuisoma hesabu bila ya kufumba macho, kumpa mshindi mkono, na kesho yake kurudi mazoezini. Pointi ile ilitupwa na mkono mmoja, bali ilikuwa mali ya wengi, na wengi wao walikuwa wameuaga uwanja ule zamani.