Manga, Kilima Kisicho na Nafasi Kwenye Jedwali

Kigali kuna ukumbi wa watu 10,000, uliojengwa kwa miezi sita tu mwaka 2019. Manga kuna nguzo mbili za chuma kwenye kiwanja cha shule, ubao mmoja umemeguka pembeni, na vikapu havijaona wavu siku nyingi. Ni rahisi kusimama hapo, ukatikisa kichwa na kulaumu pesa za ujenzi. Mimi naona ukumbi ni jambo la pili. La kwanza ni nani anayemlipa mchezaji mwisho wa mwezi.

Manga ni ukingo mrefu wa mawe upande wa Nyamira. Ukiwa juu unauona mji wa Kisii chini, na anga likiwa safi jicho linafika hadi Ziwa Victoria. Mashamba ni madogo na yote yameinama: migomba, chai, majani ya ng'ombe, nyumba, migomba tena. Kiwanja cha mpira wa vikapu kinahitaji mita 28 kwa 15 za ardhi tambarare. Huku, ardhi ya aina hiyo ikipatikana, ujue kanisa na soko zimeshaiona kabla yako.

Mwalimu wa michezo wa shule moja alinifungulia daftari la msimu. Tarehe, mpinzani, nyumbani au ugenini, matokeo. Kwenye safu ya matokeo, katikati ya tarakimu, kuna neno linalojirudia: mvua. Mvua, 31–24, mvua, mvua, 18–40.

"Kwenye tope soka inachezwa," akaniambia. "Lakini lami ikilowa, mgeni wangu, inavunja watoto miguu."

Shule za Kenya hucheza vikapu muhula wa kwanza, na muhula huo ukikaribia mwisho mvua za masika nazo zinaingia. Soka na voliboli ni za muhula wa pili. Mechi ikiahirishwa kunahitajika nauli nyingine ya basi. Nauli ikikosekana, mechi imekufa. Kwa hiyo hata rekodi ya msimu mmoja wa shule ina mashimo. Nani bingwa? Pengine ni yule aliyebahatika kucheza siku za jua.

Nairobi hali ni nyingine, na siyo kwa sababu ya paa la ukumbi wa Nyayo peke yake. Soma majina ya waliotamba kwenye ligi kuu: Ulinzi Warriors ni jeshi. Co-op Bank ni benki. KPA ni bandari ya Mombasa, yenye ukumbi wake wa Makande. Kwa akina dada, Equity, benki tena, na KPA tena. Kati yao wanajipenyeza wanafunzi wa vyuo kama Strathmore na USIU. Orodha ya mabingwa wa Kenya ukiisoma polepole ni orodha ya waajiri. Kijana mrefu hapati timu tu, anapata na kazi, na ndiyo maana anabaki msimu baada ya msimu hadi timu inazoeana. Ubingwa wa Nairobi City Thunder mwaka 2024 ulivunja desturi hiyo kidogo, kwa kuwa nyuma yao ipo kampuni ya michezo, Twende Sports. Mwaka 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Mpira wa Vikapu Afrika, ile BAL.

Ukivuka mpaka utakuta hadithi ni ileile. Kampala, City Oilers wana jina la kampuni ya mafuta. Walitwaa ligi 2013, wakaendelea kuitwaa hadi 2019, mara 7 mfululizo, mpaka fainali za Uganda zikaanza kuchosha wasio mashabiki wao. Kigali, REG ni shirika la umeme na APR ni jeshi. BAL ilipozinduliwa hapo 2021 Zamalek ya Misri iliondoka na kombe, na wenyeji Patriots walifika nusu fainali.

Sasa rudi Nyamira uulize: mwajiri mkubwa wa huku ni nani? Ni chai. Viwanda vipo, Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Tombe, lakini wenyewe ni wakulima wadogo. Mkulima anaijua kilo yake na anaisubiri bonasi yake. Mwambie sehemu ya bonasi hiyo imemlipa kijana wa futi sita na nusu kurusha mpira, utajibiwa kwa Ekegusii na hutahitaji mkalimani. Shirika la bandari halina mwenye hisa anayelipigia hesabu kilo kwa kilo namna hiyo. Sisemi mkulima amekosea. Nasema tu kwamba hapo ndipo timu ya Manga inapofia kabla haijazaliwa.

Kisii mjini wapo watakaonipinga kwa neno moja: Shabana. Klabu hiyo ya soka ilianzishwa 1980 ikabeba jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ilikaa ligi kuu hadi ikateremka 2006 bila kuitwaa hata mara moja, ikazunguka ligi za chini miaka 17, na iliporejea 2023 Gusii Stadium ilifurika. Gor Mahia wanahesabu mataji 21. Mashabiki wa Shabana wanahesabu miaka ya kusubiri, na kwa hesabu hiyo hakuna wa kuwashinda. Ila soka ina viingilio na imezoeleka kila kijiji. Vikapu havijafika huko.

Jina, hata hivyo, limefika. Februari 2021 mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74–73, Angola yenye mataji 11 ya Afrika wakati huo, mojawapo likiwa lile la 1993 lililotwaliwa Nairobi, mwaka ambao Kenya ilimaliza ya nne. Mtupo wa mwisho, muda ukiyoyoma, ulikuwa wa Tylor Okari Ongwae. Okari, na Ongwae juu yake: kwenye duka la chai pale Manga hawakuhitaji cheti cha kuzaliwa. "Huyo ni wetu," mzee mmoja akakata shauri, ingawa hajawahi kutazama mechi nzima ya vikapu. Kenya ikarudi kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 28, chini ya kocha Liz Mills. Lakini takwimu za misimu ya Ongwae zimeandikwa mbali, Denmark kwenye klabu ya Bakken Bears.

Gusii imeshazoea hali hiyo. Watatu kati ya wanne walioipa Kenya dhahabu ya mita 400 kwa nne, Munich 1972, walikuwa wana wa huku: Asati, Nyamau na Ouko. Tofauti ni kwamba barabara ya kukimbilia haisubiri lami ikauke.

Nilimuuliza mwalimu angeomba nini akipewa nafasi: mipira, ubao mpya, paa? Akasema kalenda. Wahamishe vikapu muhula wa pili.

Nikamkumbusha kwamba Mei nayo hunyesha.

"Basi Juni," akasema. "Watupe Juni peke yake."