Baada ya Swichi

Pikipiki nyingi zinazopanda milima ya Uluguru zina betri ya volti 12, ndogo kiasi cha kushikika kwa kiganja kimoja, na betri hiyo tayari ina kazi zake: honi, indiketa, taa ya breki, na kama una bahati ya kuwa na stata, kuamsha injini asubuhi ya baridi. Kila unachoongeza kinakula kwenye sahani hiyohiyo. Mimi nilitaka kuongeza GPS.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili Sokoine, hapo Morogoro mjini, na utafiti wangu ulikuwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima. Nilichunguza mifereji ambayo wakulima huchimba wenyewe kupeleka maji kwenye kabichi, njegere na karoti. Nilitakiwa kujua kila mfereji unaanzia wapi, unaishia wapi, na unanywesha mashamba mangapi njiani. Idarani niliazima GPS ya mkononi, ile inayotumia betri mbili ndogo kama za tochi. Nilitaka irekodi safari nzima, kutoka njia panda ya Sangasanga, kupita Mlali, kupanda Langali hadi Nyandira, na betri za bei nafuu za madukani hazikuwa za kutegemea kwa kazi hiyo.

Na si umeme tu. GPS haihitaji mnara wa simu. Inasikiliza setilaiti zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, na inahitaji kusikia walau nne kwa wakati mmoja ili ijue ilipo na iko juu kiasi gani. Kwenye tambarare ya Mlali hilo ni jambo dogo. Ukianza kupanda, mlima unakula nusu ya anga. Ukiwa umekificha kifaa ndani ya begi mgongoni, chini ya koti la mvua, hiyo nusu iliyobaki nayo inafifia. Kwa hiyo mahali pake ni kwenye usukani, uso ukitazama juu, na chakula chake kitoke kwenye pikipiki.

Fundi umeme niliyempelekea ana kibanda cha mabati karibu na Msamvu. Alianza na kishikio. Kabla ya kukikaza kwenye usukani alikata vipande viwili vya tyubu kuukuu, akavizungushia chuma, ndipo akafunga skrubu. Pikipiki ya silinda moja hutikisika kuanzia injini hadi mikononi mwa dereva, na mtikisiko huo, saa baada ya saa, hulegeza kila kilichofungwa chuma kwa chuma. Kisha akashusha waya chini ya tangi, mbali na ekzosi, na kabla ya kuukata akazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia. Waya uliobana pale shingoni, alisema, hukatika kidogokidogo ndani ya ngozi yake, nje ukiuona mzima.

Katikati akaweka kidude cha kushusha umeme kutoka volti 12 hadi 5, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki na tepu, maana Uluguru mvua haigongi hodi. Fyuzi ya ampea 2 aliiweka palepale alipotaka kuchukulia umeme. Nilimuuliza kwa nini isikae karibu na kifaa, mahali ninapoweza kuifikia. Akaniambia fyuzi hailindi kifaa, inalinda waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi, kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina wa kukitetea.

Ndipo akauliza swali ambalo nililichukulia kuwa la kifundi tu.

"Dada, nikutolee umeme kabla ya swichi au baada?"

"Tofauti yake nini?"

"Kabla ya swichi, hiki kitu kinakula hata wewe ukiwa umelala. Baada ya swichi, ukichomoa funguo na chenyewe kinakufa. Mwenye funguo ndiye mwenye amri."

Nikasema baada. Akachukua taa ya kupimia, akagusa waya mmoja mmoja huku mimi nikifungua na kufunga funguo, mpaka akaupata ule unaowaka funguo ikiwa wazi na kuzimika ikifungwa. Ulikuwa wa honi. Akaunga hapo, akachomea lehemu, akafunga tepu.

Ilifanya kazi vizuri. Barabara yote ya kupanda nilikuwa nayo kwenye kioo, mstari unaojikunja kama utumbo wa kuku. Nikifika nilikichomoa kifaa, kikarudi kwenye betri zake mbili, nikatembea nacho kando ya mifereji.

Kwenye mashamba ndipo nilipokutana na hesabu nyingine. Kifaa cha aina ile, hali ikiwa nzuri, hukosea kwa mita chache. Kwenye bonde lenye anga finyu hukosea zaidi. Mita tano kwenye shamba la mkonge la tambarare si kitu. Mgeta watu wanalima kwenye matuta ya ngazi yaliyoshikilia mlima kama vipandio, na ngazi nyingine upana wake ni hatua tatu. Mita tano pale ni shamba la mtu mwingine.

Bibi mmoja ambaye mfereji unapita juu ya njegere zake alinitazama nikisimama kwenye pembe ya shamba, nikisubiri namba zitulie. Tulishasalimiana, nilishaulizwa mimi wa ukoo gani na mama yangu anatoka wapi, maana kwa Waluguru ukoo unafuata mama na ardhi ni ya ukoo. Akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hizo namba zinakwenda wapi?"

Nikamweleza: utafiti, chuo, ramani ya mifereji.

"Na wewe ukishaondoka, zenyewe zinabaki wapi?"

Hilo halikuwa swali la mtu asiyejua mambo. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa mpango uliochorwa ofisini. Ngazi zenyewe si mbaya. Bibi huyu analima juu yake mpaka leo. Lakini kwenye miteremko mingi udongo mzuri ni mwembamba, na ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu ule usiozaa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, upande wa pili wa mlima, kupinga. Polisi walipiga risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Bibi alisimuliwa hayo na mama yake. Mwaka huu, aliniambia, kuna kijana wa ukoo anayeishi mjini na anamtafutia mnunuzi wa shamba lile. Kijana anachokosa ni karatasi yenye vipimo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu bibi kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo ingemlinda. Lakini hati huanzia kwa yeye kuomba, kijiji kikijua na majirani wakisimama mpakani. Namba zangu hazikupita kwa yeyote kati yao. Zingeweza kukaa kwenye kompyuta moja, zikanakiliwa kwenye nyingine, zikiwa na jina lake na kosa la mita tano, zikila kimyakimya sisi sote tukiwa tumelala. Zilikuwa zimeungwa kabla ya swichi.

Nilizungumza na msimamizi wangu, tukabadilisha namna ya kukusanya. Mifereji ilibaki kwenye ramani, kutoka chanzo hadi mwisho. Mashamba yaliingia kama hesabu tu: mfereji huu unanywesha mashamba 14, ule 9, bila pembe wala majina. Pembe nilizokwisha kuchukua nilizifuta kwenye kifaa mbele ya wenyewe. Ilinigharimu sura ndogo ya tasnifu, ile ya ukubwa wa mashamba, na mwezi mmoja wa kuandika upya.

Bibi alitaka zake nimwandikie kwanza. Nikang'oa ukurasa wa daftari, nikaandika namba nne za pembe nne, na chini yake, kwa maneno, kwamba zinaweza kukosea kwa hatua kadhaa na hazitoshi kupima mpaka. Mjukuu wake wa darasa la sita akamsomea mara mbili. Kisha nikabonyeza kufuta, yeye akitazama kioo.

Ukurasa ule uko ndani ya sanduku lake. Anayeutaka itabidi apande mlima, aanze na shikamoo, na asubiri kuulizwa yeye ni wa ukoo gani.