Jicho Lililoishia Njiani

Gayogayo hazaliwi akiwa bapa. Akitoka kwenye yai huogelea wima kama samaki yeyote, jicho moja kushoto, jingine kulia. Baada ya majuma kadhaa homoni ya dundumio, ile ile inayomgeuza kiluwiluwi kuwa chura, hupanda mwilini mwake, na jicho moja huanza kuhama. Huvuka utosi, hutua kando ya mwenzake, naye samaki hulala ubavu mchangani. Watafiti wakiizuia homoni hiyo, jicho halihami. Methali yetu ya kumkunja samaki angali mbichi ni ya kweli, ila huyu hukunjwa na saa iliyomo mwilini mwake.

Mwaka 1871 Mwingereza St. George Mivart alimwandama Charles Darwin, aliyesema viumbe hubadilika hatua kwa hatua, kwa swali zito: jicho lililohama nusu lingemfaa nini samaki? Darwin alimjibu mwaka uliofuata, lakini hakuwa na samaki wa nusu njia wa kumwonyesha. Mwaka 2008 mtafiti Matt Friedman aliwaeleza wawili, Amphistium na Heteronectes, visukuku vya miaka kama milioni 50 vilivyokuwa vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Walikuwa samaki waliokomaa. Jicho lilianza kupanda utotoni, likasimama kabla ya kuvuka, na mwenyewe akaishi hivyo. Amphistium mmoja alikutwa na samaki tumboni, mwenye urefu unaozidi nusu ya wake. Mivart akajibiwa kwa shibe.

Swali lake nalisikia kila harusi ya ukoo wetu. Yupo kijana aliyeacha chuo mwaka wa pili, na shangazi zangu hawachoki kumuuliza atamaliza lini. Anatengeneza injini za boti, analisha watoto wawili. Kwao bado yuko njiani. Samaki wale hawakuwa wakielekea kokote. Sisi tuliokwisha kumwona gayogayo wa leo ndio tunaowaita nusu.

Na wa namna hiyo hawajaisha. Psettodes wa Bahari ya Hindi, anayevuliwa hata pwani yetu, jicho lake lililohama huishia ukingoni mwa kichwa, na wapo wanaolalia ubavu wa kulia na wanaolalia wa kushoto. Ukimkuta mnadani, mtazame usoni kabla hajaparwa magamba.