Namba ya duka si yako: hesabu ya kuvunja mkataba wa simu

Leo naweka kando mambo ya seva na programu. Nataka tuongee kuhusu simu ya duka, na kuhusu hesabu ndogo ambayo kila mwenye biashara ndogo anafaa kuifanya kabla ya kutia saini.

Dada yangu mkubwa ana duka la spea za magari Kirinyaga Road, Nairobi. Biashara ya pale inaendeshwa kwa simu. Fundi yuko Meru, amelala chini ya gari la mtu, anapiga kuuliza kama kuna bushi fulani. Akiambiwa ipo, anatuma pesa kwa M-Pesa na mzigo unapanda matatu jioni hiyo hiyo. Simu isipopokelewa anajaribu mara ya pili, kisha anapigia duka jirani. Hana ubaya na mtu, ni vile tu mwenye gari amesimama juu yake.

Tumetoka mbali. Enzi za Posta na Simu mtu aliweza kungoja laini kwa miaka, na alipoipata, nyaya za shaba zikaibwa. Shirika lile likagawanywa mwaka 1999, Safaricom na KenCell zikaanza kazi mwaka 2000, na mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. Intaneti ilipokuwa nzuri, kampuni nyingi zikaanza kuuza simu za ofisini zinazopita humo humo. Ni teknolojia nzuri. Namba moja inalia kwenye meza tatu, simu inahamishiwa stoo, na bili inakuja moja.

Dada alichukua huduma hiyo kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Mkataba wa miezi 24, shilingi 3,500 kwa mwezi, antena juu ya paa. Miezi miwili ya kwanza hakukuwa na tatizo. Baadaye simu zikaanza kukatika katikati ya maneno, au yeye anamsikia mteja lakini mteja hamsikii. Alipopiga huduma kwa wateja jibu lilikuwa lile lile: "Mama, huku kwetu tunaona uko hewani."

Kijana wa huduma kwa wateja hakuwa akidanganya. Intaneti inaweza kuwa hewani na simu isifanye kazi. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde kila upande. Ukurasa wa wavuti ukipoteza kipande, kompyuta inakiomba tena na wewe huoni tofauti. Sauti haina nafasi ya kungoja. Kipande kilichochelewa hakina faida tena, kinatupwa. Vikipotea vingi mfululizo, fundi wa Meru anasikia "bu... ya... ngapi" na anakata. Kule kwenye skrini ya kampuni taa bado ni ya kijani.

Kwa hivyo nikachukua Raspberry Pi iliyokuwa imekaa bure kwangu, nikaifunga dukani na betri ndogo ili stima ikipotea iendelee kuandika. Kila dakika tano ilijaribu vitu vinne kwa mpangilio: rauta ya duka, lango la kampuni, seva yao ya simu, na mwisho anwani moja ya nje. Ilihesabu vipande vilivyopotea na vilivyochelewa. Mpangilio ndio muhimu. Rauta ikijibu na lango lisijibu, tatizo liko kati ya paa na kampuni. Lango likijibu na seva ya simu isijibu, tatizo liko ndani kwao kabisa.

Tuliiacha siku 45. Katika saa 380 ambazo duka lilikuwa wazi, saa 31 simu haikufaa kitu. Nne kati ya hizo stima ilikuwa imepotea, nikazitoa, maana si haki kuwabebesha mzigo usio wao. Zilibaki 27. Usiku mzima wa siku hizo 45 zilipotea saa mbili tu. Laini ilichoka mchana, wakati jengo zima linatumia antena ile ile.

Sasa tusome mkataba. Uliahidi huduma asilimia 99 ya wakati. Ni ahadi tamu mpaka uipige hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja yake ni saa 7 na dakika 12. Kampuni inaweza kukunyima simu Jumamosi asubuhi yote, na nyingine tena, na bado iwe imetimiza ahadi, kwa sababu usiku wa manane ambapo hakuna mtu dukani nao unahesabiwa kuwa huduma njema.

Na ikivunja ahadi? Mkataba ulisema mteja atarudishiwa pesa za muda uliopotea. Shilingi 3,500 ukigawa kwa saa 720 ni kama shilingi 4 na senti 86 kwa saa. Saa saba zikipotea, dada anarudishiwa shilingi 34. Naye akitaka kuondoka mapema, analipa miezi yote iliyobaki. Ilikuwa imebaki 14. Kumi na nne mara 3,500 ni shilingi 49,000.

Tazama hizo namba mbili zikiwa pamoja: 34 na 49,000. Wao wakikosa, kosa linapimwa kwa saa. Wewe ukichoka, unapimwa kwa miaka.

Tulikwenda ofisini kwao na karatasi zetu. Hata kwa kipimo chao, saa 29 kati ya 1,080 ni asilimia 2.7 iliyopotea, kwa hivyo hawakuwa wamefikisha 99. Tulitaja pia Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na tukasema hatua inayofuata ni malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Meneja alisoma kurasa zote kwa utulivu. Kisha akasema ada ya kuvunja mkataba wataiondoa, lakini namba itazimwa siku hiyo hiyo. Namba ni mali yao.

Hapo ndipo dada alipokaa kimya. Namba ile iko kwenye bodi ya duka, kwenye risiti, kwenye kalenda alizogawa hadi Nakuru na Machakos. Kuhama na namba kulikozinduliwa Aprili 2011 ni kwa simu za mkononi, na hii haikuwa ya mkononi. Mimi nilikuwa tayari kuondoka na ushindi wangu wa shilingi 49,000. Yeye akaniambia, "Ndugu yangu, fundi hasomi mkataba. Anasoma namba."

Akajadiliana kama anavyojadiliana kila siku dukani. Walikubaliana alipe miezi mitatu tu, shilingi 10,500, na muda huo kila simu ielekezwe kwenye laini mpya ya mkononi iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Kila aliyepiga aliambiwa namba mpya na akatumiwa ujumbe. Wengi wamehama naye. Wachache hawajasikika tena, na hatutajua walikwenda wapi.

Kama una duka, saluni au ofisi ndogo, uliza haya kabla ya kutia saini:

1. Namba ni ya nani siku nikiondoka? Jibu liandikwe.
2. Asilimia ya huduma inapimwa kwa saa za kazi au kwa saa 24? Na nani anapima?
3. Ahadi isipotimizwa mara kadhaa mfululizo, naweza kutoka bila ada?
4. Muda ukiisha, mkataba unajifufua wenyewe? Notisi ni ya siku ngapi?
5. Ada ya kutoka inapungua kadiri miezi inavyokwenda, au ni miezi yote iliyobaki?

Na kwenye bodi ya duka andika kwanza namba unayoweza kuhama nayo. Ile ya mkataba iandike chini yake, kwa herufi ndogo.

Ile programu ya kupima laini nitaisafisha kidogo niiweke hapa wiki ijayo. Haizidi mistari mia moja. Kwa leo naishia hapo.