Moto mmoja, kazi mbili



Sisi tunaolala interna hapa milimani Lubero tunajua baridi ya saa kumi na moja asubuhi. Ndugu zetu waliotoka Beni ao Kasindi, kwenye joto, wanaijua zaidi. Kila siku mbele ya bafu tunasikia sauti za wadogo: "Kapita, leo sioge, mayi iko kali!" Kazi yetu ni kuwahimiza waoge. Lakini kumhimiza mtoto mwenye kikohozi aingie katika maji ya namna ile, hiyo si kazi ya kufurahisha.

Wengine wanasema: tuwashe moto wa pili kwa ajili ya maji. Na kuni zitatoka wapi? Ni sisi wenyewe tunaozibeba siku ya posho, na mikalitusi ya karibu imekwisha kukatwa.

Basi sisi wa mwaka wa mwisho tulifanya hesabu. Kupandisha litri 200 za maji kutoka digri 15 mpaka 40 kunaomba kilokalori 5.000. Kilo moja ya kuni kavu inatoa karibu 3.500. Maana yake, kilo moja na nusu ingetosha kama joto lote lingeingia katika maji! Lakini juu ya mawe matatu sehemu kubwa ya joto inakwenda na moshi. Tena kuni mbichi inaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Moto unachoka kwa kukausha kuni mbele ya kupika maharagi.

Katika inchi za baridi, kule Ulaya, watu wengi walitengeneza jiko la kuni lenye sanduku la maji nyuma ya moto. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda katika tiyo mpaka kwenye radiateri, yaani vyuma vyenye mbavu vinavyowekwa ukutani. Pale yanaacha joto chumbani, yanapoa, yanakuwa mazito na kushuka tena jikoni. Moto mmoja unapika, unapasha maji, na unapasha nyumba.

Katika masomo ya fizike tuliona jambo hilo kwa macho. Tulijaza maji katika tiyo ya kioo iliyozunguka, tukatia tone la wino, tukawasha taa chini ya upande mmoja. Wino ulipanda, ukazunguka, ukarudi. Hakuna pompi, hakuna mtu aliyesukuma. Darasa lote lilinyamaza.

Sisi hatuhitaji radiateri katika vyumba vyote vya kulala. Lakini moto wa maharagi unawaka kila siku, tukioga ao tusipooga. Tiyo ya chuma inaweza kuzunguka moto ule, ikapanda kwa kupita ukuta wa chumba cha wagonjwa, kilicho jirani na jiko, na kuingia katika pipa lililowekwa juu. Tiyo ingine itoke chini ya pipa na kurudisha maji ya baridi motoni. Hivi mgonjwa atapata joto kidogo, na wadogo watapata maji ya kuoga.

Wenzetu fulani wanapendekeza fundi achomelee pipa lote, joto lisipotee. Hapo tunakataa kwa nguvu. Maji yakipata moto yanaongezeka, na yakigeuka kuwa mvuke yanaomba nafasi zaidi ya mara 1.000. Pipa lililofungwa juu ya moto ni bomu. Lazima tiyo moja isimame wazi juu ya pipa, isizibwe hata siku moja, hata kwa kitambaa. Wala moto usiwashwe kama tiyo haina maji. Afazali kupoteza joto kidogo kuliko kupoteza mpishi.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe, kwa heshima, aruhusu fundi apime ukuta ule pamoja na mwalimu wetu wa fizike. Nanyi ndugu wanafunzi, tunawaomba jambo moja: kuni za posho tuzipasue na kuzipanga chini ya paa, zikauke mbele ya kuchomwa. Hiyo haiombi feza wala ruhusa. Sisi tutaondoka kiisha mitihani ya serikali. Maji ya moto yatakuwa yenu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho