Stesheni ya Mazeras

Msafiri aliyetoka Mombasa kwa reli ya zamani, akiisha kuvuka maji ya Makupa, aliona ajabu moja kabla hajafika mbali. Reli hujikunja kama joka, ikazunguka duara zima, hata ikapita juu yake yenyewe. Sababu ni kilima. Gari la moshi halipandi kama mbuzi. Hutaka mwinuko wa polepole, na mahali palipo na nafasi ndogo mafundi hawana budi kuizungusha njia. Juu ya mpando huo, katika nchi ya Rabai, mpakani mwa Kilifi na Kwale, ndipo ilipo stesheni ndogo ya Mazeras.

Rabai ilikuwa mlango wa bara kabla ya reli. Krapf na Rebmann walijenga misheni yao huko mwaka wa 1846, na miaka miwili baadaye Rebmann alitoka hapo kwa miguu, akauona mlima Kilimanjaro. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika ziwani Kisumu mwaka wa 1901. Malindi, bandari iliyompokea Vasco da Gama mwaka wa 1498, haikupata hata ukuti mmoja wa chuma. Mtu wa Malindi aliyetaka kwenda Nairobi kwa gari la moshi alivuka kwanza maji ya Kilifi, kisha ya Mtwapa, ndipo aione stesheni; na kivuko cha Kilifi hakikupata daraja mpaka mwaka wa 1991. Hivyo heshima iliyokuwa ya watu wa ufukoni iliwaendea wakulima wa minazi walio nyuma yao.

Na heshima hiyo haikuwa ndogo, ingawa jengo lenyewe ni dogo. Reli ile ni ya njia moja tu. Magari mawili yakikutana, hayawezi kupishana ila penye stesheni, ambapo moja huingia njia ya kando likangoja. Basi gari la usiku la abiria, pamoja na mabwana wakubwa wa daraja la kwanza waliokuwa wakila chakula chao juu ya vitambaa vyeupe, na wananchi waliobanana katika daraja la tatu, lote lilitii ishara ya stesheni. Gavana mwenyewe asingeweza kupita penye ishara nyekundu. Ni wapi pengine, katika siku zile, ambapo karani mwenye bendera mkononi aliweza kumsimamisha mkubwa namna hiyo, wala asiambiwe kuwa amekosa adabu?

Vitu vingine pia vilifuata mlango huo. Mwaka wa 1957 bomba la maji kutoka chemchemi za Mzima lilikamilika, na matangi yake yakawekwa Mazeras, ili maji yateremke hadi Mombasa kwa uzito wake yenyewe. Mawe bapa ya Mazeras nayo yametandikwa kwenye nyua na kuta za Nairobi, na wengi wanaoyakanyaga hawajui kwamba jina hilo ni la mahali.

Uingereza, walikozaliwa mabwana wa reli, nako stesheni ndogo zilipatwa na msiba. Mwaka wa 1963 Dakta Beeching alitoa taarifa iliyoshauri zaidi ya stesheni 2,000 zifungwe, kwa kuwa tikiti zilizouzwa hazikulipa gharama. Hesabu ile ilikuwa sahihi kwa kalamu. Lakini tikiti moja ya mwanamke apelekaye kuku sokoni, au ya mgonjwa aendaye hospitali, huandikwa sawasawa na tikiti ya mtu aliyekwenda kutembea tu.

Huko Mazeras gari la abiria la usiku lilikoma mwaka wa 2017, mwaka ule ule reli mpya ya kipimo cha kawaida ilipofunguliwa. Reli hiyo mpya hupita jirani, juu ya madaraja marefu ya zege, wala haina stesheni pale. Mtu wa Mazeras autakaye usafiri huo hushuka Miritini au hupanda Mariakani, akilipa nauli ya matatu kulifuata gari lililokwisha kupita karibu na kwake. Mawe ya Mazeras huenda Nairobi kwa lori.